Unatafuta babu aliyehama kwa meli? Usianze na jina lake

Siku hizi orodha za abiria wa meli za zamani zimejaa onlaini, nyingine za bure kabisa, na kitu cha kwanza karibu kila mtu anachofanya ni kuandika jina la ukoo alafu anabonyeza kutafuta. Yanakuja majibu mia tatu, au halipatikani hata moja, na hapo wengi ndo wanaishia. Mimi nimekuwa nikifuatilia ukoo wa mume wangu, wazee wake ni Waslovakia waliohamia Marekani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na baada ya hapo ndugu na marafiki wakaanza kuniletea wazee wao na wao niwatafutie. Nachowaambia wote ni hiki: mtafute mtu, jina liache kwanza. Kwenye hizi karatasi jina ndo kitu dhaifu kuliko vyote.

Angalia kilichompata Annie Moore. Huyu ni binti wa Ireland aliyekuwa mhamiaji wa kwanza kupokelewa Ellis Island, New York, kituo kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892, alikuja na meli ya Nevada akiwa na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba baadaye alihamia Texas akafia huko. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak akaonyesha kwamba yule Annie Moore wa Texas alikuwa mwingine kabisa, amezaliwa hukohuko Marekani jimbo la Illinois, na Annie mwenyewe alibaki New York, akaolewa, akazaa, akafa 1924. Yaani mtu maarufu kiasi hicho amebebeshwa maisha ya mwenzake kwa sababu tu majina yanafanana! Sasa fikiria mzee wako ambaye hakuna aliyewahi kumwandika gazetini.

Kwa hiyo kabla hujagusa orodha ya meli, anza mwisho wa maisha yake urudi nyuma. Cheti cha kifo, tangazo la msiba, jiwe la kaburi, barua, picha zenye maandishi nyuma, na wazee walio hai waulize mapema maana hao hawasubiri. Kwa waliohamia Marekani kuna sensa za 1900, 1910, 1920 na 1930, zote ziliuliza mtu aliingia nchini mwaka gani. Ule mwaka usiushike kama msumari, watu walikuwa wanajibu kwa kumbukumbu, na mara nyingine aliyejibu alikuwa mpangaji mwenzake, wewe tafuta miaka miwili mitatu mbele na nyuma. Kilicho bora zaidi ni karatasi za kuomba uraia. Kuanzia Septemba 1906 fomu zikawa za aina moja nchi nzima, na zinataja bandari, tarehe ya kufika, mara nyingi hadi jina la meli. Ukizipata hizo nusu ya kazi imeisha. Za kabla ya hapo nyingi ni maneno machache tu, na kama unamtafuta bibi ujue mpaka 1922 mke alikuwa anapata uraia kupitia mumewe, kwa hiyo karatasi zake mwenyewe kwa kawaida hazipo, tafuta za mumewe.

Sasa turudi kwenye majina maana hapa kuna hadithi inayowapotosha watu wengi sana. Utasikia "jina letu lilibadilishwa na afisa pale Ellis Island". Hapana jamani. Orodha ilikuwa inaandikwa upande wa safari inakoanzia, na makarani wa kampuni ya meli, alafu inafika na meli yenyewe. Afisa wa Marekani alikuwa na hiyo karatasi mbele yake anahakiki, na wakalimani walikuwepo. Majina mengi yamebadilika baadaye, kazini, shuleni, au mtu mwenyewe kaamua wakati wa kuomba uraia. Maana yake kwako ni moja, kwenye meli usimtafute kwa jina la Kimarekani, mtafute kwa jina la kwao. Tena hata hilo la kwao lina sura zaidi ya moja: wakati huo Waslovakia walikuwa chini ya Hungary, kwa hiyo mtu aliyebatizwa Juraj anaweza kuandikwa György kwenye orodha ya meli na akazikwa kama George. Wanawake wa Kiitalia walikuwa wanasafiri kwa jina la ukoo wa baba zao hata kama wameolewa, kwa hiyo mama na watoto wake wanaweza kuwa na majina tofauti na bado ni familia moja. Ongeza na waliokuja kuyanakili maandishi ya mkono wakayaingiza kwenye kompyuta, hapo herufi zinageuka vibaya mno.

Dawa yake ni kutafuta bila jina la ukoo. Weka jina la kwanza, umri, mwaka wa kukadiria na kijiji, au weka kijiji peke yake. Fomu za kutafutia alizotengeneza Stephen Morse kwenye saiti yake zinakuruhusu kuchanganya vitu kama hivyo, na FamilySearch, saiti ya nyaraka za ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu. Kijiji kina nguvu kwa sababu watu hawakuwa wanahama peke yao, alitangulia mmoja, akatuma tiketi, akafuata shemeji, akafuata jirani.

Lakini kabla hujategemea kijiji, jua orodha ya mwaka wako ina nini. Sheria ya Marekani ya 1819 ndo iliyowalazimisha manahodha kukabidhi orodha za abiria kuanzia 1820, na zile za mwanzo zina jina, umri, jinsia, kazi na nchi, basi, kijiji usitegemee. Kuanzia 1893 maswali yakaongezeka sana: ametoka wapi, nani kalipa nauli, ana pesa kiasi gani, anajua kusoma, anakwenda kwa ndugu gani na anuani yake. Ilipofika kama 1907 karatasi ikawa kurasa mbili, ikaongezwa jina la ndugu aliyebaki nyumbani, mahali pa kuzaliwa, urefu, rangi ya macho. Na hapa nakuomba sana, fungua na ukurasa wa pili! Saiti nyingi zinakuonyesha ule wa kushoto tu, watu wanapakua hiyo picha moja wanafurahi, kumbe mahali pa kuzaliwa na jina la ndugu aliyekuwa anamfuata viko kwenye picha inayofuata.

Ukishafika kwenye ukurasa soma wote, sio mstari wako peke yake. Karatasi moja ilikuwa na watu wasiozidi 30, na waliotoka sehemu moja mara nyingi wamepangwa karibu karibu. Ukoo wa mume wangu mimi nimeuthibitisha hivyo, jina lenyewe lilikuwa halisomeki vizuri ila mistari ya juu na chini yake walikuwa watu wa kijiji kilekile na wote walikuwa wanaelekea mtaa mmoja. Angalia pia pembeni. Ukiona namba ndefu yenye tarehe ya miaka ya 1930 au 1940 imegongwa juu ya jina, hiyo kwa kawaida ina maana mtu aliomba uraia wakaja kuhakiki kama kweli aliingia na meli hiyo, kwa hiyo kuna faili lake mahali, lifuate. Jina lililokatwa kwa mstari mara nyingi ni mtu ambaye hakupanda meli, au kahamishiwa ukurasa mwingine. Herufi X pembeni ya jina ni alama ya kuzuiliwa, na hapo nenda mwisho kabisa wa orodha ya meli hiyo kuna karatasi za waliozuiliwa, zimeandikwa sababu, nani alikuja kuwachukua, hadi milo waliyokula wakiwa wanasubiri. Wanawake wengi na watoto walizuiliwa tu mpaka mume au ndugu afike, kwa hiyo usishtuke.

Majibu yenyewe nayo usiyameze yote. Tangu 1885 ilikuwa marufuku kuingia Marekani ukiwa na mkataba wa kazi, kwa hiyo karibu kila mtu alisema hana kazi inayomsubiri, hata yule ambaye shemeji yake keshaongea na msimamizi.

Kama New York hayupo, sio wote walipita huko. Kuna Boston, Philadelphia, Baltimore, New Orleans, Galveston, na wengine walishukia Canada wakavuka mpaka kwa treni. Na kama alifika kabla ya 1892 Ellis Island haikuwepo, kuanzia 1855 mpaka 1890 New York walipokelewa Castle Garden. Watu wanakata tamaa wakisoma kwamba jengo la Ellis Island liliungua Juni 1897 na nyaraka ndani yake, ni kweli, ila orodha zilizokuwa zinakabidhiwa forodhani zilikuwa zimehifadhiwa kwingine na zipo hadi leo.

Kisha jaribu bandari ya kuondokea. Hamburg wana orodha za kuanzia 1850 hadi 1934, na hizo ni tamu kwa sababu kwa kawaida zinataja mji au kijiji alichotoka hata kwa miaka ile ambayo Marekani walikuwa hawaulizi. Kwa miaka ya mpaka 1910 kuna orodha mbili tofauti, ya waliokwenda moja kwa moja na ya waliopitia bandari nyingine, kagua zote mbili. Bremen kwa bahati mbaya nyingi ziliharibiwa, zilizobaki ni za kati ya 1920 na 1939, hata sio zote. Uingereza waliotoka kwa safari za mbali wapo kuanzia 1890 hadi 1960, na humo wamo pia watu wa bara la Ulaya waliovuka kwanza kwenda kupandia Liverpool au Southampton, kwa hiyo hata kama mzee wako hakuwahi kuishi Uingereza mtafute na huko.