Laptopu mpya ilikataa programu ya darizi, nikairudisha Windows 10

Juzi dada mmoja wa Kisauni kanitumia mesej ya WhatsApp, ndefu, salamu kwanza halafu shida yenyewe. Yeye adarizi mabuibui na mashuka, kanunua laptopu mpya kwa pesa za chama, na programu yake ya darizi yakataa kufunguka. Fundi kamwambia auze laptopu ama atafute programu nyengine. Sasa aniuliza, "Kaka, niuze?" Nikaanza kumjibu palepale nikaona jibu lanizidi, nikasema wacha niandike hapa, maana najua hayuko peke yake, sisi wote wa kazi hizi twataka kitu kimoja, mashine yenye kasi na kazi isisimame.

Usiuze, dada. Haya yalinipata mimi Desemba iliopita na mpaka leo yaniuma.

Mimi nadarizi Majengo, mwaka wa kumi na nne huu. Beji za shule, kofia, mashati ya kampuni, kanzu za maharusi. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa ya mezani, Windows 7, na wenye kukaa Mombasa wajua hewa ya chumvi yafanya nini kwa vyuma, ukifungua kasha unakuta kutu kila pembe. Siku moja stima ikapotea, iliporudi ikarudi kwa kishindo, na ile kompyuta haikuamka tena. Nami nina oda ya beji 240 za shule moja, na Januari shule zafunguliwa, mzazi hangojei.

Nikaenda mjini nikanunua laptopu, mpya kwangu mimi, zile zitokazo Uingereza, prosesa ya i5 ya kizazi cha nane, ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, Windows 11 ndani imeng'ara. Elfu thelathini na nane. Nikamuuliza kijana wa duka, hii itabeba programu yangu ya darizi? Akanambia, "Mzee, hii yabeba kila kitu." Nikalipa. Sikuuliza tena, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwa asiejua, programu nyingi za darizi za zamani zaja na kii, kitu kama flashi ndogo, unachomeka kwa USB ndio programu ikubali kufunguka. Bila kii huna programu. Yangu ina taa ya kijani, nimeizungushia uzi mwekundu isipotee kwenye takataka za dukani. Miaka yote nikiichomeka taa yawaka kabla hata sijakaa kitako. Usiku ule nikaichomeka kwenye laptopu mpya, taa kimya. Nikahamisha tundu la pili, kimya. La tatu, kimya. Programu yenyewe ilijiinstoli bila neno, yafunguka, picha yake yatokea, halafu kisanduku: kii haikuonekana. Nikaenda Device Manager nikakuta pembetatu ya manjano. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nikaweka compatibility, ile hali ya kuiga Windows ya zamani, ya Windows 7, nikaifungua kama administrator, nikafuta nikainstoli upya mara nne. Wapi.

Nilimpigia yule kijana wa duka. Alicheka. Akasema programu yangu ni ya kizamani, niitupe ninunue mpya. Mpya ni laki kadhaa! Na si pesa tu. Sikilizeni hapa maana wengi hawaelewi. Mashine ya darizi husoma faili ya DST, na DST ni mishono tu, sindano iende wapi, iruke wapi, isimame wapi. Hata rangi ya uzi haimo. Mteja akija akitaka jina la shule liongezwe herufi ama beji ipunguzwe, hufanyi kwa DST ukapata kazi safi, wataka ile faili ya asili ya programu yenye maumbo na herufi. Mimi nina mamia ya faili hizo. Madrasa, shule, timu za mpira, harusi. Kutupa programu ni kutupa miaka 14, na mtu aniambia nitupe huku acheka.

Siku tatu zikaenda. Mwalimu akapiga, nikampa ahadi, akapiga tena. Mwisho nikampelekea mwenzangu wa darizi ile kazi aifanye, akaifanya vizuri wala simlaumu, lakini ile shule haikurudi kwangu. Walikuwa wateja wangu miaka sita. Kila nikipita pale nikiona watoto na zile beji kifuani najua si uzi wangu.

Alienitoa ni mpwa wangu, asomea mambo ya kompyuta. Alikaa na ile CD ya programu dakika kumi akanambia, mjomba, shida si programu, shida ni draiva ya kii, yaani kijiprogramu kinachoiunganisha kii na Windows, ni ya biti 32, muundo wa zamani, na mashine yako ni ya biti 64. Akanifahamisha hivi: programu ya biti 32 yaweza kutembea juu ya Windows ya biti 64 bila shida, lakini draiva haiwezi, draiva yaingia ndani kwenye moyo wa mfumo na lazima ziwe sawa. Na Windows 11 tangu itoke Oktoba 2021 haina toleo la biti 32 kabisa. Windows 10 ilikuwa nalo. Kwa hivo hata ningekesha mwezi mzima nikibonyeza compatibility ile taa haingewaka. Siku tatu zangu zile, na hakuna fundi hata mmoja alieniuliza draiva yako ni ya biti ngapi.

Tukaamua kurudi nyuma. Kama kompyuta yako ilikuwa na Windows 10 ukaipandisha wewe mwenyewe, kuna siku 10 za kurudi kupitia setingi, faili zako zikiwa pale pale. Yangu ilikuja na 11, hakuna pa kurudi, ni kufuta na kuinstoli upya. Flashi ya 8GB, tukaweka Windows 10 ya biti 32, Pro kwa sababu leseni ya mashine ilikuwa Pro. Kwenye BIOS, setingi za mashine kabla Windows haijaamka, tukazima Secure Boot, ulinzi wa kuwaka, tukawasha legacy, njia ya kuwaka ya zamani, laptopu mpya kabisa za siku hizi nyingi hazina hiyo legacy, na bila hiyo biti 32 haiingii, kwa hivo angalieni mapema. Halafu ikagoma tena, yasema diski ni GPT, mpangilio wa diski wa kisasa. Mpwa akaisafisha diski kwa amri ya diskpart akaigeuza MBR, mpangilio wa zamani. Amri ile yafuta kila kitu, haina msamaha, mimi nilikuwa nishahamisha faili zangu kwenye diski mbili tofauti, na wewe fanya hivo, diski mbili si moja.

Waifai haikushika. Tukachomeka simu kwa waya, ikapata intaneti, Windows ikakubali leseni yake. Draiva ya skrini ya biti 32 hatukuipata mpaka leo, kwa hivo mwangaza haupungui. Ile ram 16 niliolipia yaonekana tatu na kitu tu, kwa sababu ya biti 32. Niliumia kidogo. Lakini programu yangu haijui hata kuzitumia hizo 16.

Saa tisa usiku nikaichomeka kii. Taa ya kijani. Nilinyamaza kimya, nikaitazama tu. Kisha nikafungua beji ya mnazi, ya madrasa moja ya mtaani, nikaipeleka kwenye mashine, nikafunga kitambaa kwenye fremu, sindano ikaanza na kuti la kwanza kama zamani, mishono imelala sawa.

Sasa kuna watu watakwambia kurudi nyuma ni ushamba. Si kweli. Mwaka 2007 Windows Vista ilipotoka watu wengi walitaka XP yao, Windows ya kabla yake, na leseni za Vista Business na Ultimate zilikuwa zaruhusu kabisa kurudi XP Professional. Ni jambo la kawaida, lina haki yake. Vijana wetu mnaouza na kutengeneza, msimcheke mtu na programu yake, mwulizeni apata riziki gani kwa hiyo programu. Na sisi wenye kazi, tusinunue kwa macho. Nenda dukani na kii yako mfukoni, nenda na CD yako, instoli pale pale kwenye kaunta, taa isipowaka usitoe pesa. Akikwambia yabeba kila kitu, mwambie nionyeshe. Nakariri, taa isipowaka usitoe pesa.

Na moja kubwa, Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, apdeti za kawaida za usalama hazitoki tena. Kwa hivo laptopu yangu ya darizi haiingii intaneti, siku ile ya leseni ilikuwa mwisho. Mesej na emupesa ni kwenye simu. Faili za wateja zaja kwa flashi na flashi naipekua virusi kwanza kwenye kompyuta ya mpwa. Ni usumbufu, naukubali. Kama waanza darizi leo na huna faili za zamani, usipite njia yangu, kuna programu ya darizi Ink/Stitch, ni ya bure, yafanya kazi juu ya Inkscape, programu ya kuchora, nami nimeanza kujifunza pole pole maana hii kii siku moja itakufa.

Dada wa Kisauni, kwanza angalia kama yako pia ni draiva ya biti 32, huenda ikawa kitu chepesi kuliko changu. Usimpe mtu akufutie chochote. Jumamosi baada ya adhuhuri niko dukani na mpwa atakuwepo. Njoo na laptopu, kii, ile CD, na chaja yake.