Kwa dada aliyeuliza kuhusu fedha za idara nzima

Dada, umeuliza kwa nini Uingereza waliipa fedha idara nzima ya sayansi ya anga badala ya mradi mmoja mmoja. Kwa miaka mingi baraza lao linalogharamia utafiti, STFC, lilitoa ruzuku ya pamoja: kikundi cha chuo kiliandika ombi moja lenye mada nyingi, jua, sayari, galaksi, wataalamu wa vyuo vingine walilipima, na fedha kwa kawaida zilikuwa za miaka 3. Faida kubwa ilikuwa watu. Mradi mmoja ukiisha, fundi wa vifaa hakuondoka na ujuzi wake.

Hapo ndipo ninapotufikiria sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye nikeli, urefu kama mita 3, kipo hapo jirani na tunaishia kupiga nacho picha! Kwa hiyo chuo cha hapa Mbeya kikiandika ombi, kisianze na darubini. Kianze na mishahara ya watafiti vijana. Darubini inaweza kuja baadaye, hata kwa kifaa cha zamani: Ghana, pale Kuntunse, darubini yao ya redio ilitokana na dishi la zamani la mawasiliano la mita 32. Mlango wa kwanza kwetu wa kuomba fedha ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Fuatilieni matangazo yao.