"Miraa bandia" si miraa wala si bandia

Swali: Twaandaa bango la afya kwa vijana wa Likoni kuhusu unga wa mefedroni na wenziwe. Mwenzangu kaandika "miraa bandia", mimi nimeandika "dawa za kulevya". Lipi sahihi?

Jibu: "Miraa bandia" ifuteni leo. Bandia ni kitu kinachojifanya kingine, kama noti bandia. Mtu wa Mwembe Tayari akilisikia jina hilo atadhani ni majani ya mti mwingine yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba. Mefedroni haijifanyi miraa. Ni kemikali iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1929, na molekuli yake imejengwa juu ya umbo la kathinoni, ile kemikali ya kuchangamsha iliyomo katika miraa na muguka. Andikeni "kathinoni sanisi". Sanisi, yaani ya kuundwa kwa kuunganisha kemikali, ni neno lile lile la usanisinuru wa darasani.

Kosa hili lina madhara. Mla miraa hutafuna kwa saa kadhaa, na kathinoni hupanda damuni polepole. Tena majani yakinyauka, kathinoni hugeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru hukimbia vile. Unga haunyauki wala hauchoshi taya. Ukimwambia kijana kuwa ni miraa, ataupimia kwa mazoea ya miraa.

"Dawa za kulevya" si kosa, kwa kuwa ndilo jina la jumla lililozoeleka. Lakini kulewa kuna kuyumba ndani yake (sikiliza "lewalewa"), na hizi humkesheza mtu, moyo ukamwenda mbio. Kwa kutaja aina, semeni "vichangamshi".

Angalieni na vitenzi. Msiandike kwamba "huzalisha dopamini" (kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva), hazizalishi kitu. Seli ya neva huitoa dopamini, kisha huirudisha ndani kupitia vipitishi vyake. Mefedroni huvigeuza vipitishi hivyo viitoe nje, basi "huimwaga". MDPV, kathinoni sanisi nyingine, huviziba, basi "huizuia kurudi". Nafasi ikiwa finyu, "huzidisha dopamini nje ya seli" inatosha kwa zote mbili.

Na msiseme kathinoni sanisi zote ni haramu. Bupropioni, dawa ya hospitali ya kutibu sonona na kumsaidia mtu kuacha sigara, ni ya ukoo huohuo, na mgonjwa akisoma bango lenu asije akaitupa.