Maswali ya Wasomaji: Themostati si ya nchi za baridi peke yake

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, nikibeba watalii kati ya Arusha, Karatu na Ngorongoro. Miaka miwili iliyopita fundi aliitoa themostati (kidhibiti cha joto la maji ya injini) akaitupa, akisema kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Tangu hapo, asubuhi za Karatu gari hutoa moshi mweupe kwa muda mrefu na sindano ya geji ya joto hubaki chini. Lakini nikiupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu nikiwa na abiria na mizigo, sindano hupanda hadi nalazimika kulipumzisha gari. Nimenunua themostati mpya ya nyuzi 88, ila wenzangu wananishauri nitafute ya nyuzi 74 ili injini ipoe zaidi. Je, niirudishe, na niifunge vipi? Dereva, Karatu.

JIBU: Ndugu dereva, irudishe, na iwe hiyo hiyo ya nyuzi 88 uliyonunua, kwa sababu ndiyo iliyokusudiwa injini yako. Ushauri wa kuitoa themostati nimeusikia katika gereji nyingi mno, na unaniuma kila mara, kwa kuwa umeua injini ambazo zingedumu miaka mingi.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na kuta za silinda zikiwa za baridi, sehemu ya dizeli haiungui. Huo ndio moshi mweupe unaouona asubuhi. Dizeli isiyoungua huteremka pembeni mwa pistoni, ikaosha utando wa oili kwenye kuta na kuingia kwenye oili yenyewe, ndiyo maana injini inayokwenda baridi hula ringi za pistoni na silinda mapema na kumaliza mafuta zaidi. Tena injini ya dizeli ikiwa haina mzigo hutoa joto kidogo, kwa hiyo bila themostati inaweza kuteremka kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu isifikie kamwe joto lake la kazi.

Linalowashangaza wengi ni kwamba injini hiyo hiyo inayokuwa baridi mno bondeni huchemka mlimani. Themostati ya 300Tdi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Ndani yake mna kidonge cha shaba chenye nta. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma kisahani cha juu, ambacho hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo kisahani cha chini hushuka na kuziba njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa themostati, ile njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare hutaliona tatizo, bali unapopanda na mzigo, unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, ndipo unapokosa.

Kuhusu ile ya nyuzi 74, namba iliyochapwa kwenye themostati ni joto ambalo huanza kufunguka, wala haiongezi uwezo wa rejeta hata kidogo. Rejeta ikiwa imeziba kwa kutu na matope, injini itachemka vile vile, iwe themostati ilifunguka kwenye 74 au 88. Kwa hiyo kabla ya kufunga kitu chochote, mulika tochi kati ya rejeta na feni uone kama nafasi za mapezi zimejaa vumbi na mbegu za nyasi, jambo la kawaida kwa gari la mbugani. Zioshe kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

Ijaribu themostati yako mpya kabla ya kuifunga, kwani nimewahi kununua mpya ambayo haikufunguka kabisa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, kisha pasha moto polepole. Lakini kumbuka kuwa Karatu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Utaiona ikianza kuachama karibu na nyuzi 88, nayo haitafunguka yote hata maji yakitokota, kwa sababu huhitaji joto zaidi ili ifike mwisho. Usiitupe kwa kudhani ni mbovu.

Sasa ufungaji. Injini iwe imepoa kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Mfuniko wa tanki la akiba ukifunguliwa wakati wa moto humwaga mvuke usoni. Punguza kulanti (kimiminika cha kupozea injini) kupitia mpira wa chini wa rejeta hadi usawa wake uwe chini ya nyumba ya themostati, iliyopo mbele ya hedi (kichwa cha injini), pale unapoingia mpira wa juu. Kinga kulanti kwa beseni na ulifunike papo hapo, kwani ni tamu na ni sumu, na mtoto, mbwa au kuku akiinywa anaweza kufa.

Boliti za nyumba hiyo huingia kwenye aluminiamu, na kwa miaka mingi ya kulowa maji huganda. Boliti ikikataa, usiining'inie spana. Ipulizie mafuta ya kulainisha kutu, igonge kichwani taratibu, subiri nusu saa, kisha igeuze robo mbele na robo nyuma. Boliti ikikatikia ndani ya hedi, kazi ya saa moja inageuka kazi ya siku mbili. Kisha safisha nyuso zote mbili kwa kitu kisichokwaruza, uweke gasketi mpya. Wengine hupaka silikoni nene badala ya gasketi. Inayobanwa kuelekea ndani hukatika vipande, na vipande hivyo huishia kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Themostati iingie upande wa kidonge ukiielekea injini, na kama ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kitundu hicho kikae sehemu ya juu kabisa, kwa sababu ndiko hewa inakotokea. Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo.

Kujaza maji ndiko mafundi wanakoharakisha, nami nakuomba usiharakishe. 300Tdi ina vizibo viwili vya kutolea hewa, kimoja juu ya rejeta na kingine juu ya nyumba ya themostati. Fungua vyote viwili, kisha jaza kupitia tanki la akiba hadi rejeta ijae, ufunge kizibo chake. Baada ya hapo mimina kupitia tundu la nyumba ya themostati, polepole, ukiuminyaminya mpira wa juu kwa mkono. Utasikia hewa ikibubujika, na maji yatashuka tena kila unapodhani yamejaa. Yakitulia ukingoni bila kipovu, funga, kisha ongeza kwenye tanki hadi alama. Vizibo hivyo vikiwa vya plastiki huvunjika kwa urahisi, hivyo kaza kwa kiasi tu. Mfumo wote huchukua takriban lita 11. Nusu iwe kulanti na nusu maji safi yasiyo na chumvi. Washa injini mpaka mpira wa juu upate moto, izime, iache ipoe kabisa, kisha kagua usawa tena.

Ukimaliza, mpira wa juu unapaswa kubaki wa baridi au vuguvugu kwa dakika za mwanzo, halafu upate moto kwa ghafla themostati inapofunguka. Ikiwa baada ya hayo yote bado inachemka kwenye ule mlima, kagua rejeta kwa ndani, kiunganishi cha feni na gasketi ya hedi.

SWALI: Lori langu dogo la dizeli lilichemka njiani karibu na Segera. Geji ilikuwa kwenye nyekundu lakini mpira wa juu wa rejeta ulikuwa baridi. Utingo alitaka kumwaga maji juu ya injini nikamkataza. Je, nilikosea? Msomaji, Tanga.

JIBU: Hukukosea, ndugu yangu. Maji ya baridi juu ya chuma cha moto hupasua hedi. Ikiwa maji yalikuwamo ya kutosha, geji kuwa juu na mpira kuwa baridi huashiria themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, ingawa pampu iliyokufa huonyesha dalili hizo hizo. Kwa dharura ya kufika mjini inawezekana kuitoa, injini ikishapoa, na kwenda polepole bila mzigo, lakini uweke mpya mara ufikapo. Na umwulize fundi kama injini yako ina themostati mbili, maana baadhi ya malori huwa nazo, na zote hubadilishwa pamoja. Usiiamini geji peke yake, kwa kuwa maji yakivuja yakaisha, kipima joto hubaki hewani na sindano inaweza hata kushuka injini ikiwa inaungua. Na kwa kuwa injini yako ilifika kwenye nyekundu, kesho asubuhi kabla ya kuiwasha ubonyeze mpira wa juu: ukiukuta bado mgumu kwa shinikizo ilhali injini imelala baridi, gasi inapenya kutoka kwenye silinda, na gasketi ya hedi inahitaji kufunguliwa.