Maharage ya Jumapili, mlo wa Alhamisi

Msomaji mmoja ameandika kwamba kila mwezi anaanza upya kula vizuri, na kila mwezi juhudi inakatikia katikati ya wiki. Anaishi peke yake, anafika nyumbani usiku, na jirani na mlango wake kuna banda la chipsi.

Dada yangu, usijilaumu kwamba huna msimamo. Maharage makavu yanataka masaa mawili jikoni, chipsi mayai zinataka dakika kumi. Mtu mwenye njaa hasubiri masaa mawili. Kwa hiyo maharage yawe yameiva kabla njaa haijafika.

Nusu kilo inamtosha mtu mmoja kwa milo sita hadi minane. Jumamosi usiku yachambue, toa mawe na yaliyotobolewa, loweka kwa maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe. Masaa manane hadi kumi na mawili yanatosha. Kwa joto la Dar es Salaam, ukiyaacha zaidi ya hapo yanaanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa hiyo kama utachelewa kuamka, loweka ndani ya friji.

Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 10 nzima kabla ya kupunguza. Usiruke hatua hii. Maharage, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Yakiivia moto mdogo tu au yakiliwa nusu mbichi, yanaleta kutapika na kuharisha. Baada ya hapo yaache yatokote mpaka yaive, mara nyingi saa moja hadi moja na nusu. Bonyeza punje kwa vidole: isagike yote, isibaki kiini kigumu.

Nyanya, ndimu na ukwaju visubiri mpaka yaive, kwa sababu uchachu unazuia ganda kulainika. Magadi yanaharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, na mwenye presha hana haja nayo. Yakigoma kuiva hata baada ya kulowekwa, ujue ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Badilisha muuzaji.

Wengi wanaharibu kazi hapa mwishoni: sufuria nzima ya moto inaingizwa kwenye friji, katikati panabaki vuguvugu kwa masaa mengi, kesho yake yamechacha. Yatandaze kwenye sinia au bakuli pana yapoe haraka, kisha gawa kwenye vikopo vyenye mfuniko, mlo mmoja kila kikopo, pamoja na mchuzi kidogo. Yawe kwenye friji ndani ya masaa mawili. Ya kula siku tatu yakae sehemu ya chini ya friji, mengine yagandishe.

Jioni unakaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili, unamimina kikopo, unaacha yachemke vizuri. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na mkono unaomimina humwaga vijiko vitatu bila kujua. Mchicha uoshe kabla ya kukata, upike dakika chache tu. Kula na chungwa au kachumbari yenye ndimu, maana vitamini C inasaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai inayazuia, basi inywe saa moja baadaye.

Jumapili ikikupita, au kama huna friji, nunua choroko. Hazihitaji kulowekwa, na zinaiva kwa dakika 30 hadi 45. Pika robo kilo, mgawie jirani kinachozidi mlo wa usiku huo.