Usilishe kinoo oili chafu

SWALI: Nachuuza samaki pale Mwaloni, Kirumba. Nimerithi kinoo cha babu: upande mmoja cheusi, mwingine kijivu, katikati kimebonyea kama mtumbwi, na kimejaa mafuta ya zamani. Fundi mmoja kaniambia nikiloweke usiku kucha kwenye oili chafu ya gari, kisha kisawazishwe kwa grenda. Nitajuaje ni jiwe gani?

JIBU: Dada yangu, usikiloweke. Huu ushauri wa oili chafu umenichosha, maana vinoo ninavyoletewa karibu vyote vimeuawa nao. Jiwe halili mafuta. Chembe zake ndizo zinazokata chuma; maji au mafuta mepesi hubeba tu unga wa chuma usizibe vitundu. Oili iliyotoka kwenye injini tayari ina masizi na vumbi la chuma, na ni nzito. Inagandia ndani, kisu kinateleza, nawe unadhani jiwe limechakaa. Halafu kisu hicho hicho ndicho unachochania minofu ya sangara watu wakale!

Hata kulitambua huwezi kabla hujalisafisha. Loweka kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, sugua kwa brashi na sabuni ya unga, suuza, acha likauke kabisa. Ndipo udondoshe tone la maji. Likinywewa upesi, jiwe lina vitundu, tumia maji. Likikaa juu, ama jiwe limeshikana sana ama oili bado imo, safisha tena. Jeusi linalometameta mara nyingi ni silikoni kabaidi, la kahawia ni oksidi ya alumini (zote mbili ni chembe ngumu za kiwandani), ingawa rangi pekee si ushahidi. Kwa visu vyako jina si kitu. Paruza ukucha pande zote mbili: unaokwaruza zaidi ni wa kuanzia, ulio laini ni wa kumalizia.

Kusawazisha: kioo kinene, juu yake msasa wa maji namba 120, wauza rangi za magari wanao. Chora mistari ya penseli uso mzima, mwagia maji, sugua kwa kuzungusha. Mistari ya kingoni hufutika kwanza. Ya katikati ikifutika, umemaliza. Nunua karatasi kadhaa, zinaisha haraka. Usisugue kikavu, vumbi la mawe linaharibu mapafu.

Grenda ikae mbali, na kinoo na visu pia. Hawa wanaopita mitaani wakirusha cheche, watu wakishangilia, wanachoma chuma. Tazama ncha ya makali: ukiona imegeuka bluu, chuma hapo kimelainika, kitakata samaki wachache kisha kiwe butu. Kunoa hakukirudishi. Itabidi uikwangue sehemu yote iliyoungua hadi ufikie chuma kizima, na kisu cha minofu kilivyo chembamba, ukifanya hivyo mara mbili tatu umebaki na mpini.