Magari ya yadini yakiingia maji, bima ipi inalipa?

Mkuu, umeuliza hivi: una yadi Mikocheni, mvua za masika zimeingiza maji usiku, magari saba yameloa, na unataka kujua kama "bima kubwa" uliyonayo italipa yote. Mimi niko kwenye biashara ya magari ya Japani miaka mingi na madai ya mafuriko nimeyafuatilia mwenyewe, ofisi hadi ofisi. Jibu la haraka: yote saba, hapana. Mawili matatu, huenda.

Bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe, inaandikwa kwa gari moja, lenye namba yake na mwenye jina lake. Kama umeikatia ile Prado unayotembelea na ile Noah ya kuzungukia mjini, hizo zina pa kuanzia, mradi ndani ya mkataba mafuriko hayakutolewa. Usiishie kwenye stika. Stika inamtosha trafiki, wewe soma kijitabu chenyewe, ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Kuna kampuni mafuriko yamo tayari, kuna nyingine unayaongeza kwa ada kidogo. Bima ndogo ndiyo kabisa, ile inamlipa uliyemgonga, gari lako halimo.

Sasa zile IST ulizosema hazijapata hata namba, zina chasisi tu. Hizo ni bidhaa za biashara, na bima yake ni nyingine: ama ile ya wafanyabiashara wa magari, ama ya moto na majanga mengine kwa mali iliyopo kwenye eneo lako. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Wanakata ya moto, wanaona neno "majanga" wanatulia, kumbe yaliyoorodheshwa ni moto, radi na mlipuko. Mafuriko yasipoandikwa kwa jina lake, hayapo.

Na tafadhali msitegemee ile bima ya CIF, yaani ile iliyomo kwenye bei ya gari pamoja na nauli ya meli. Kila mwaka nakutana na mtu ana invoisi ya Japani mkononi, anasema "mbona bima nililipa". Ulilipa bima ya safari ya baharini. Gari likishatoka bandarini likaegeshwa kwako, safari imekwisha.

Umetaja pia magari mawili ya watu, umewekewa uwauzie kwa kamisheni. Hapa ndipo urafiki unapovunjika. Bima ya mali yako haigusi mali ya mtu mwingine mpaka mkataba useme wazi kwamba inahusu na vitu ulivyokabidhiwa. Waulize wenyewe leo hii kama bima zao kubwa ziko hai. Mmoja akiwa nayo, atoe taarifa kwa kampuni yake yeye, si wewe. Na lile lililolipiwa nusu, mteja hajalichukua? Angalieni mliandikiana nini kuhusu nani anabeba hasara kabla ya makabidhiano. Kama hamkuandikiana, jiandae kwa mazungumzo marefu.

Kuhusu thamani. Watu hukatia pungufu ili ada ishuke, halafu hasara ikija wanashangaa. Chukulia mali yadini ni ya milioni 200, wewe ukakatia milioni 100. Maji yakaharibu ya milioni 40. Kampuni ikifuata kanuni ya avareji inakuambia ulikatia nusu, chukua nusu: milioni 20, kisha inatoa ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Na thamani wanayoitafuta ni gharama iliyokufikisha nayo hapo, yaani invoisi, ushuru, gharama za bandari. Ile bei uliyobandika kwenye kioo haiwahusu.

Sasa la leo, muhimu kuliko yote: USIWASHE gari hata moja "kujaribu". Hewa inashindilika, maji hayashindiliki. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda inakutana nayo, fimbo yake inapinda, na injini iliyokuwa ya kusafishwa inakuwa ya kutupwa. Kampuni itasema hilo ni la kwako, na itakuwa na haki. Chomoa waya wa hasi wa betri, vuta gari na breki dauni, piga picha kabla hujaosha: mstari wa maji mlangoni, chasisi, kilomita. Ile Aqua usiiguse. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, ndiyo inawahi kuloa. Mwite fundi wa haibridi.

Asesa, yule mkaguzi wa hasara anayetumwa na kampuni ya bima, akija, muache afanye kazi. Niliyemfurahia zaidi alifika akaenda moja kwa moja kwenye mkanda wa dereva, akauvuta wote mpaka mwisho. Mkanda ulikuwa umefuliwa vizuri sehemu inayoonekana, huko ndani kuna tope limekauka. Kisha akachomoa kijiti cha oili, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hakuuliza swali. Aliandika tu. Kwa hiyo ukiosha upesi upesi ili hasara ionekane ndogo, au ukamwaga maji kwenye gari lililokuwa kavu ili iwe kubwa, unajisumbua.

Wakikubali kwamba gari limekufa kabisa, uliza mapema mabaki yanabaki kwa nani na wanayakata kwa shilingi ngapi. Wakikataa, dai barua yenye kifungu walichotumia, usikubali kuambiwa kwa simu. Ukiwa na barua hiyo unaweza kwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kuna mdau hapo juu amekushauri ukimbie ukakate bima ya mafuriko leo. Kwa magari yaliyokwisha kuloa haina maana, bima hailipi hasara iliyokwisha kutokea, na kuificha ni udanganyifu. Kwa mzigo ujao sawa, lakini watakuja kuiona yadi kwanza. Karakana ya mwendokasi pale Jangwani imeshazama mara kadhaa, kwa hiyo kampuni za bima mjini hapa zinajua kuuliza habari za bonde na mtaro. Kwa bima hapa nchini ada inatangulia. Hujalipa, hujakatiwa, hata kama wakala amekutumia karatasi kwa WhatsApp.

Weka hapa picha ya ule ukurasa wa yasiyolipwa, ukifuta jina na namba yako. Tutausoma pamoja.